Ibada ya nyumbani imekua: tubaki usharikani au tujitenge?

Mleta mada, Morogoro

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulikabili jambo hili, si mabishano ya madhehebu. Sisi ni familia chache za usharika mmoja wa Kilutheri, na tulianza kukutana sebuleni kwangu Alhamisi jioni ili kusoma Neno na kuombeana, kwa sababu jumuiya yetu ya kawaida imebaki kuwa mahali pa kupokea bahasha na kusikiliza matangazo. Watu wameongezeka, wakiwamo majirani wasio Walutheri na vijana ambao kanisani walikuwa hawakanyagi. Sasa baadhi yetu wanataka tuhamie Jumapili asubuhi, tutoe sadaka zetu humu humu, tushiriki Meza ya Bwana sebuleni, na tuachane na usharika ambao michango yake haiishi kwa ajili ya jengo. Wananisomea Matendo 2:46 na Warumi 16:5, kisha wanauliza: ikiwa kanisa lilikuwa nyumbani mwa Priska na Akila, sisi tumepungukiwa nini? Mke wangu anakubaliana nao. Mimi nasita, wala sijaweza kuwaeleza kwa nini.

Msharika, Iringa

Ondokeni. Jengo si kanisa, na hilo hata mwanafunzi wa kipaimara analijua.

Mwalimu wa Biblia, Dodoma

Ni kweli kwamba jengo si kanisa, lakini na sebule pia si kanisa. Wenzako wamesoma vizuri, ila wameishia njiani. Warumi 16:23 inamtaja Gayo kuwa mwenyeji wa kanisa lote, na waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, unaonyesha mambo yalivyoharibika katika mkusanyiko wa namna hiyo, ambapo mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa. Kukutana nyumbani hakukuwaondolea tabaka la wenye nacho na wasio nacho, na pengine kuliliongeza, kwa kuwa aliye mgeni kwenye nyumba ya mtu hana sauti sawa na mwenye nyumba. Jiulize nani atamkemea mwenye sebule akikosea, maana mwenye sebule ni wewe.

Isitoshe, nyumba zenyewe hazikubaki nyumba. Huko Dura-Europos, Syria, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta nyumba ya kawaida ya karne ya 3 ambayo Wakristo walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate ukumbi, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo. Mkiongezeka, nanyi mtabomoa ukuta, na michango ya jengo itaanza upya kwa jina lingine.

Mzee wa kanisa mstaafu, Bukoba

Mwanangu, huku kwetu swali hili ni la zamani. Uamsho wa kiroho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Kagera, uliishi majumbani. Ndugu walikutana kila juma, wakaungama mbele ya wenzao, wakalipa madeni na kurudisha walivyoiba, na mara nyingi aliyeongoza alikuwa mkulima au mama wa nyumbani asiye na cheo chochote kanisani. Wachungaji wengine waliwachukia, kwa sababu waliambiwa dhambi zao hadharani. Hata hivyo, walio wengi hawakuondoka: Jumapili waliketi kwenye benchi moja na wale wale waliowacheka, wakabatizia watoto wao hapo na kuzikwa na mchungaji yule yule. Wapo waliojitenga, nao waligawanyika tena wao kwa wao.

Nionavyo mimi, nguvu ya mikutano ile ilitokana na kutokuwa na kitu cha kutawala: hakukuwa na sadaka ya kugombania, cheo, wala mhuri. Siku Alhamisi yenu itakapopata mweka hazina na katibu, itaanza kufanana na hiyo jumuiya mliyoichoka. Mkeo usimpuuze, lakini. Anachokitafuta ni cha kweli, na usharika wenu umeshindwa kumpa.

Mama wa jumuiya, Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tuna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, na zinakutana nyumbani kwa zamu. Zamu ndiyo siri yake. Kila familia, hata ya chumba kimoja cha kupanga, inapokea wenzake, kwa hiyo hakuna anayejiona mwenye jumuiya. Ninyi mnakutana kwako kila Alhamisi. Anzeni kuzunguka kabla ya kuzungumzia kujitenga.

Karani wa sheria, Dar es Salaam

Mkijitenga mtahitaji usajili kwa Msajili wa Jumuiya za Kiraia, Wizara ya Mambo ya Ndani, mkiwa na katiba na viongozi wanaojulikana. Fikirieni pia ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mfungishaji mwenye leseni na taarifa ya siku 21, na kikundi cha sebuleni hakina leseni hiyo. Mkiendelea na Alhamisi, mwarifuni mwenyekiti wa mtaa, na spika muiache.

Mleta mada

Nashukuru, hasa kwa neno la mwenye sebule, maana sikuwa nimejitazama hivyo. Nimemsomea mke wangu majibu yote. La zamu amelipenda, la kubaki anasema atalifikiri. Linalonibakia ni hawa majirani wasio Walutheri: nikiwaambia wakashiriki Meza ya Bwana usharikani, hawataenda.

Mzee wa kanisa mstaafu, Bukoba

Usiwapeleke popote. Someni nao, ombeni nao, na kila mmoja akashiriki anakoshiriki. Wale vijana wasio na kanisa lao, nenda nao Jumapili wewe mwenyewe, uketi nao. Na baraza la wazee lipate habari hizi kutoka kinywani mwako kabla hazijafika kwa umbea. Waalike waje Alhamisi moja, ila wakija wasipewe viti vya mbele.