Mtoto anarudiwa na UTI: anywe antibiotiki kila siku au la?

Mleta mada: Mtoto akishapata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu, nne, wengine huandikiwa dozi ndogo ya antibiotiki kila siku, miezi hata miaka, ili isirudi. Mimi napinga hili lisifanywe kanuni. Utafiti wa RIVUR wa Marekani, uliotoka 2014, ulichukua watoto 607 ambao mkojo hupanda kutoka kwenye kibofu kuelekea figo. Nusu walipewa antibiotiki ya kotrimoksazoli miaka miwili, nusu dawa bandia. Waliorudiwa na UTI ni 39 upande wa dawa, 72 upande wa pili. Safi. Ila makovu kwenye figo, ambayo ndiyo tunayoyaogopa hasa, hayakutofautiana: asilimia 12 kwa 10 hivi. Na kati ya waliorudiwa na UTI ya E. koli, bakteria wa utumbo, bakteria sugu kwa dawa hiyo walikuwa asilimia 63 kwa waliokuwa wakiinywa, 19 kwa wenzao.

Mchangiaji wa kwanza: Makovu umeyahesabu, mikesha hujaihesabu. Wangu huchemka homa, anatapika, anabana mkojo kwa kuogopa maumivu. Ukiniambia nusu ya hayo yatapungua, nachukua chupa. Halafu mkojo wake hupanda kwa daraja la nne, katika kipimo cha moja hadi tano, tano ikiwa mbaya zaidi. Usimweke kapu moja na mtoto asiye na hitilafu.

Mleta mada: Wa daraja la nne sigombani nawe, huyo ana hoja yake. Nagombea wale wengine. Utafiti wa PRIVENT wa Australia, 2009, uliwachanganya wenye tatizo hilo na wasio nalo: waliorudiwa ndani ya mwaka ni asilimia 13 wakinywa dawa, 19 bila dawa. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, watoto 14 wanywe mwaka mzima ili mmoja aepuke.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana dawa, mimi nauliza hizo UTI zenyewe zilithibitishwa vipi? Mkojo wa kifuko cha kubandika huchafuliwa kirahisi na bakteria wa ngozi na wa choo. Usipooteshwa maabara kuona bakteria gani wanamea, tena mkojo uliokingwa vizuri, "UTI ya nne" huenda ni ya pili. Na choo kigumu? Utumbo uliojaa hukibana kibofu, mkojo haumaliziki kutoka, bakteria wanapata makazi. Hilo halitibiwi na kotrimoksazoli.

Mchangiaji wa kwanza: Za wangu zilioteshwa zote. Choo, kusema kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza. Anakaa siku nne bila kupata choo.