Dawa za TB ni bure, nauli alipe nani?

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Shemeji yangu ni mwanaapolo, kachimba madini Mirerani miaka tisa. Mwaka juzi alianza kukohoa, akawa anajinunulia dawa za kikohozi dukani, akakonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Makohozi kuja kupimwa: TB, yaani kifua kikuu. Dawa alipewa bila kudaiwa hata senti, na hapo serikali tuipe haki yake. Vidonge vitatu kila asubuhi. Mkojo ukatoka rangi ya chungwa, tukashikwa na hofu nyumba nzima mpaka nesi alipocheka akasema ndiyo kawaida ya dawa ile. Mwezi wa tatu akaacha. Bodaboda kwenda na kurudi ni elfu nane, na shimoni alikuwa haingii. Akaniambia, "Hivi vidonge vinadai ugali, na ugali wenyewe haupo."

Sasa njoo kwa wakubwa. Septemba 2018 walikaa New York, mkutano wa kwanza wa ngazi ya juu wa Umoja wa Mataifa kuhusu kifua kikuu, wakaahidi kufikisha dola bilioni 13 kwa mwaka ifikapo 2022. Haikupatikana hata nusu. 2023 wakarudi palepale, ahadi ikapanda: bilioni 22 kwa mwaka ifikapo 2027. Mwaka huohuo zikapatikana bilioni 5.7, na ugonjwa ukaua watu wapatao milioni 1.25. Kudaiwa dukani halafu unaagiza gunia! Januari 2025 Marekani nayo ikafunga bomba la misaada.

Hoja yangu: nauli na chakula cha mgonjwa wa TB viwe na kifungu chao kwenye bajeti yetu wenyewe. India tangu 2018 inamwekea mgonjwa rupia 500 kwa mwezi, na mwishoni mwa 2024 wakazifanya 1,000. Kule Jharkhand, jimbo la India, watafiti waligawa chakula kwenye kaya zenye mgonjwa, na wanakaya waliougua baadaye wakapungua kwa karibu asilimia 40. Chakula tu, jamani. Nasi si wageni wa kazi hii: mfumo wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa, ulioenea dunia nzima, Dk. Karel Styblo na wataalamu wetu waliujenga hapahapa Tanzania kuanzia miaka ya 1970.

Nawasilisha.

Mhasibu Mstaafu: Pole kwa shemeji, mkuu. Lakini ukimlipia nauli wa TB, anayesafishwa figo mara tatu kwa wiki utamjibu nini? Wa saratani je? Abuja, 2001, Afrika iliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na mpaka leo tunaitafuta. Hicho kidogo kilichopo mimi ningekipeleka kwenye vipimo. Katriji moja ya GeneXpert, mashine ya kupimia TB, ilikuwa dola 9.98, ikashuka hadi 7.97 mwaka 2023 baada ya wanaharakati kupiga kelele za miaka. Halafu pesa taslimu zikitoka wilayani unajua zinavyofika kijijini.

Mleta mada: Figo haziambukizi abiria wa daladala, mzee wangu. Hapo kwenye pesa kuyeyuka njiani sikubishii.

Chuma cha Pua: Mnabembeleza sana. Anayeacha dozi anatengeneza TB sugu inayotuua sisi. Awekwe ndani mpaka amalize.

Mkalenjin wa Eldoret: Ndugu, hiyo sisi Kenya tulishaifanya. 2010 wagonjwa wawili walioacha dawa walipelekwa gereza la Kapsabet kwa kutumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma. Fikiria mwenyewe: mtu wa TB unamtia kwenye seli iliyojaa watu ili kuzuia TB! Tarehe 24 Machi 2016, na hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwafunga gerezani kulivunja katiba.

Chuma cha Pua: Sikusema gereza, nimesema ndani. Wodini.

Mkalenjin wa Eldoret: Na watoto wake watakula kwa nani akiwa wodini?

Nesi wa Zahanati: Mleta mada, swali moja. Shemeji alitakiwa kuja kliniki mara ngapi?

Mleta mada: Miezi miwili ya mwanzo kila wiki, baadaye mara moja kwa mwezi.

Nesi wa Zahanati: Kwa hiyo wiki zile zote alilipa elfu nane akafika, akaja kuacha safari zilipobaki moja kwa mwezi? Kaka, hapo si nauli. Kwenye rejista yangu wanaume wengi wanapotea mwezi huohuo wa tatu, na wengine nyumba zao naziona kutoka dirishani. Kikohozi kimekata, mwili umerudi, anaenda kazini.

Mleta mada: Dada, umenikamata. Alirudi shimoni. Alikuwa na deni la kodi ya miezi minne na mwenye nyumba keshaleta kufuli. Sasa hivi kaanza dozi upya, kifua kinapiga filimbi. Basi ninachoomba si nauli, ni riziki ya miezi sita kwa mtu asiye na mwajiri, na kusema kweli sijui waziri gani nimpelekee hilo.

Mhasibu Mstaafu: Si wa afya.