Naombeni ushauri: nitapataje wateja wa maofisini kwa kazi za katuni na grafiki hapa Dodoma?

MchoraNkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza video za katuni na grafiki, natumia programu ya Blender. Wateja wangu mpaka sasa ni wa harusi na mabango ya saluni. Nilihama Dar kwa sababu wizara ziko Mtumba. Miezi minne nagonga milango, naishia kuacha kadi mapokezi. Nifanyeje? Nawasilisha.

ZabibuKavu: Kadi za mapokezi hazifiki popote. Mtafute afisa habari, mwoneshe sekunde 30 zinazohusu kazi yake, siyo maua ya harusi. Anza mapema kabla ya Nanenane. Pale Nzuguni kila banda linataka kitu cha kuonesha kwenye runinga, na wanakumbuka wiki ya mwisho.

MamaKizota: Umeoa, mwanangu? Mdogo wangu aliacha ualimu akapige picha. Leo anafuga kuku Kongwa, ana amani zake.

BwanaStoo: Una TIN? Jina la biashara umesajili BRELA? NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali, umo? Nimekaa manunuzi miaka 9. Katuni iwe tamu vipi, bila risiti ya EFD hulipwi. Na kuna asilimia 30 ya manunuzi ya serikali inayotengwa kwa makundi maalum, vijana mmo, undeni kikundi. Ila naona kuna kitu hujasema.

MchoraNkuhungu: TIN ninayo. Basi niseme. Kuna shirika, si la serikali, nimelifanyia katuni ya dakika 2 kwa milioni 4.8. Walitaka risiti, nikapitishia kampuni ya rafiki.

BwanaStoo: Kampuni ya nini?

MchoraNkuhungu: Vifaa vya ujenzi. Lakini tumeelewana, anachukua asilimia 10. Nimesoma naye sekondari.

KakaBahi: Katuni ilishushwa na mifuko mingapi ya saruji? 😂

BwanaStoo: Hela imeingia?

MchoraNkuhungu: Kwake, wiki ya tatu sasa. Anasema benki wanamsumbua. Jamani, mimi nimeuliza wateja! Leo nauli imeniishia, nimetembea Mtumba mpaka Nkuhungu na kompyuta mgongoni.

Mtafiti_Makole: Chai hii. Mtumba mpaka mjini tu ni kilomita 17 hivi, bado Nkuhungu. Halafu jioni hiyohiyo una nguvu za kuandika uzi?

ZabibuKavu: Mbona mimi nilishatoka Ihumwa kwa mguu, tena na jua lile.

Mtafiti_Makole: Ulibeba kompyuta?

ZabibuKavu: Nilibeba mbuzi.

MamaKizota: Hata kama ni chai, huyo rafiki ninamjua. Kila mtaa anaye.

BwanaStoo: Acheni mbuzi. Mchora, ile ankara imeandikwa huduma gani?

MchoraNkuhungu: "Rangi na uchoraji."

KakaBahi: Basi wamelipia ukuta.

MchoraNkuhungu: Nampigia tangu saa kumi, hapatikani. Ngoja niende dukani kwake Majengo.

Mtafiti_Makole: Nauli unayo?