Wasifu wa Mama

*Kikundi: Familia ya Mwalimu*

Kaka Mkubwa: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shikamoo Mjomba. Nimeanza kuandika wasifu wa Mama utakaosomwa Jumamosi. Nimeweka alikosoma, alikofundisha, uzee wa kanisa, uweka hazina wa akina mama. Nikaurudia kuusoma, Mama simwoni humo. Nisaidieni.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Anzia shambani. Dada yangu huwezi kumweleza ukaliacha shamba. Tulikamua ng'ombe kabla jua halijachomoza, ndipo tushike njia ya shule. Yeye alibandika jedwali la kuzidisha kwenye nguzo ya zizi, anakamua huku anakariri. Mimi nilianza darasa la kwanza nimeshalijua lote, kwa kumsikia tu.

Dada: Kumbe ndiyo maana hadi anastaafu alisahihisha madaftari alfajiri 😢

Kitindamimba: Mimi nakumbuka zile mbegu. Msimu wa kupanda ukikaribia alikuja darasani na mbegu na vitambaa vibichi. Kila dawati mbegu 10, mnazipanga, mnakunja kitambaa, mnakitunza kisikauke. Baada ya wiki mnahesabu. Zikiota 8, hiyo ni asilimia 80, haya, shimo moja utie mbegu ngapi? Halafu anajumlisha madawati yote, kwa sababu alisema mbegu 10 ni chache mno kuziamini. Asilimia niliielewa siku hiyo, wala sijaisahau.

Shemeji: Naomba msisahau gerezani.

Kaka Mkubwa: Gerezani?

Shemeji: Miaka niliyokaa naye, kila Jumamosi alasiri alitoka na kalamu na madaftari. Nilidhani anakwenda kuhubiri. Siku moja nikamsindikiza. Hakuhubiri hata kidogo. Alikaa na wanaume wazima akiwafundisha kuandika, wapate kuandikia barua watoto wao kwa mkono wao wenyewe. Njiani nikamuuliza mbona hakusema neno la Mungu. Akaniambia nikasome Mathayo 25: Bwana alisema "nalikuwa kifungoni, mkanijia", hakusema mkanihubiria.

Kaka Mkubwa: Mimi ni mwanawe wa kwanza na hili silijui.

Dada: Hakutaka litangazwe. Sasa tuliandike kweli?

Mjomba: Liandikwe, ila lisitajwe jina la yeyote aliyemfundisha kule. Jumamosi watakuja, watakaa viti vya nyuma, nao wakisikia watajijua.

Dada: Basi na mimi niseme langu. Mama alikuwa mkali. Na watoto wa watu walipata subira yake yote, akirudi nyumbani imekwisha. Nilimwambia hivyo nikiwa mtu mzima, kwa hasira. Alinyamaza. Kesho yake asubuhi akanipigia simu akaniomba radhi, hakujitetea hata kwa neno moja. Kaka, hilo nalo liingie. Kwangu ndilo ushuhuda mkubwa kuliko uzee wa kanisa.

Kaka Mkubwa: Litaingia. Pole dada yangu.

Mjomba: Na shule ya Jumapili usiiandike kwa mstari mmoja. Kuna waliolalamika kwamba anawafundisha watoto herufi badala ya Biblia. Akawaeleza kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili, Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, watoto walifanya kazi wiki nzima, Jumapili ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kujifunza kusoma. Asiyejua kusoma utampaje Biblia?

Kaka Mkubwa: Asante Mjomba. Kwa somo nimeweka mfano wa mpanzi, Mathayo 13.

Mjukuu: Shikamooni wote. Baba Mkubwa, samahani, naomba iwe Marko 4. Bibi alinionyesha kwamba kwenye mavuno ya zile mbegu Mathayo anashuka: mia, sitini, thelathini. Marko anapanda: thelathini, sitini, mia. Luka anataja mia peke yake. Bibi aliupenda wa Marko. Alisema mwalimu akianza kumtazama wa mia, wa thelathini hatamwona tena.

Kitindamimba: Mimi ndiye nilikuwa wa thelathini.

Dada: Najua. Nilikuwa nawasikia usiku, wewe unalia na yeye anaanza upya.

Kitindamimba: Hakuchoka, dada. Kwangu hakuchoka.

Kaka Mkubwa: Basi Marko 4, mstari wa 3 hadi wa 8. Nani atasoma?

Kitindamimba: Nitasoma mimi.

Mjomba: Soma polepole mwanangu. Hakupenda msomaji anayekimbia.