Mjadala: Siasa iingizwe kwenye modeli za sera ya tabianchi, au iachwe nje?

Naanzisha mimi. Chukueni DICE, modeli ya kompyuta inayopima pamoja uchumi na tabianchi, ya William Nordhaus, mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2018. Bei ya kaboni, yaani gharama anayotozwa anayechafua hewa kwa hewa ukaa, ikishawekwa humo, inapanda polepole miaka nenda miaka rudi. Hakuna uchaguzi, hakuna maandamano. Sasa njooni Nairobi. Gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16 Julai 2021. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa kabisa. Miaka miwili, misimamo mitatu!

Na wapishi je? Jirani yangu ana mtungi wa kilo 6 na jiko la makaa. Chai ya asubuhi ni ya gesi, githeri huchemkia mlangoni kwa makaa. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi husukumwa chini ya kitanda, na chai nayo inahamia kwenye makaa. Ukimhesabu, ni mtumiaji wa gesi. Kweli ni, mpaka tarehe 15 hivi.

Mimi nasema hayo yote yaingie kwenye hesabu.

Mchangiaji wa pili: Taratibu, ndugu. Hapa Kenya marufuku ya mifuko ya plastiki ilijaribiwa 2007 ikashindikana, 2011 ikashindikana tena. Ungetia siasa kwenye kompyuta mwaka 2016, ingekujibu "sahau". Agosti 28, 2017 marufuku ikaanza, na leo sote twaenda sokoni na vikapu. Ukimpa mwanasiasa modeli inayosema wananchi hawatakubali, umempa kisingizio chenye namba.

Mwanzisha mada: Hapo umenibana. Lakini kikapu mama yangu alikuwa nacho tangu zamani. Aliyekosa mfuko hakulala njaa. Linganisha na ada ya mazingira kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ambayo ilitajwa mpaka kwenye daipa. Juni 25 vijana wakaingia Bungeni, kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada mzima. Sitaki modeli itabiri maandamano. Nataka iulize tozo inamwangukia nani, na ana kitu gani kingine cha kushika.

Mchangiaji wa pili: Hilo nakubali nusu. Jirani ameshajaza mtungi?

Mwanzisha mada: Leo tarehe 19. Nasikia harufu ya makaa.