Mjadala: Kimbunga Maria kiliua watu 64 au 2,975?

MLETA MADA (Tanga)

Wadau, salaam. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliingia Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, kupitia Yabucoa, kusini-mashariki mwa kisiwa, kikiwa na upepo wa kama kilomita 250 kwa saa. Siku mbili kabla kilikuwa kimeshaipiga Dominica na kung'oa mapaa, hata la waziri mkuu mwenyewe. Kilikatiza Puerto Rico hadi kaskazini-magharibi, kikatokea baharini siku ileile. Nyuma yake kiliacha kisiwa cha watu zaidi ya milioni tatu hakina umeme hata nyumba moja, ukiacha wenye jenereta.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya maiti ilipoanza. Tarehe 3 Oktoba Rais Trump alipofika kutoa pole, idadi iliyotajwa ilikuwa 16. Jioni ileile, ameshaondoka, ikatangazwa 34. Kufikia Desemba ikasimama kwenye 64, na miezi ikapita haisogei. Kisha Agosti 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha George Washington, waliopewa kazi hiyo na serikali ya kisiwa chenyewe, wakatoa jibu lao: watu 2,975. Gavana Ricardo Rosselló akalipokea kuwa ndiyo idadi rasmi. Wiki mbili baadaye Trump akaandika Twitter kwamba watu 3,000 hawakufa, kwamba idadi imevimbishwa na wapinzani wake, na kwamba mtu akifa kwa sababu yoyote, hata uzee, anaongezwa tu kwenye orodha.

Swali langu ni hili: nani ahesabiwe kuwa ameuawa na kimbunga? Ni yule aliyeangukiwa na ukuta peke yake, au na yule aliyekata roho Novemba, kitandani kwake, jua linawaka nje?

Mimi nasema wote wawili. Mchukue mgonjwa wa figo wa Vieques, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Puerto Rico. Hospitali ya pale iliharibika ikafungwa, na kitengo cha kusafisha damu kikafungwa nayo. Wagonjwa wakawa wanapakiwa kwenye ndege ndogo mara tatu kwa wiki kwenda Humacao, ng'ambo. Anaondoka kungali mapema, anarudi hoi, na kabla mwili haujatulia siku ya kwenda imefika tena. Hali ya hewa ikichafuka ndege hairuki, lakini sumu mwilini haisubiri. Huyo akifa Januari, cheti kitasema figo, na ni kweli ni figo. Lakini figo hizohizo alikuwa nazo Agosti, na Agosti alikuwa anaishi.

Karibuni.

MCHANGIAJI (Dodoma)

Mleta mada, pole yako nimeielewa, ila hapa sikubaliani nawe, na naomba nisieleweke kama namtetea mwanasiasa yeyote.

Nimefanya kazi ya ukusanyaji wa takwimu miaka mingi. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba kifo kina jina, umri, mahali na tarehe. Wale 64 wanayo majina. Hao 2,975 hawana. Wataalamu walitazama mwenendo wa vifo wa miaka ya nyuma, wakakadiria wangekufa wangapi toka Septemba 2017 hadi Februari 2018 kama kimbunga kisingekuja, wakatoa kwenye idadi ya waliokufa kweli. Kilichobaki ndicho hicho. Wao wenyewe wamesema inaweza kuwa 2,658, inaweza kuwa 3,290.

Na si wao tu. Gazeti la New York Times Desemba 2017 lilipata 1,052. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard Mei 2018 wakapata 4,645, lakini ukisoma vizuri wanasema jibu liko popote kati ya 793 na 8,498! Kimbunga kimoja, hesabu nne. Mama aliyefiwa umwambie nini? Kwamba mwanao yumo ndani ya wastani?

Mimi hofu yangu ni ya mbele. Leo makadirio yanatumika kuongeza. Kesho serikali nyingine itatumia makadirio hayohayo kupunguza, na hatutakuwa na orodha ya kuishika mkononi na kusema hapana.

MCHANGIAJI (Lindi)

Niongeze kidogo. Baada ya mafuriko watu kule walikosa maji ya bomba wakanywa ya mito na vijito, wakapata leptospirosisi. Ndiyo ile tuliyoiita homa ya mgunda ilipotokea hapa kwetu Ruangwa mwaka 2022. Mkojo wa panya unaingia kwenye maji, maji yanaingia kwa mtu. Sisi tuliokuwa Lindi wakati ule tunajua unavyoanza kama malaria tu, mpaka damu inaanza kutoka puani. Mtu akifa hivyo wiki tatu baada ya upepo kupita, utaandika panya? Kimbunga ndicho kilichomkutanisha na hayo maji.

MLETA MADA (Tanga)

Ndugu yangu wa Dodoma, hoja yako ni nzito, sitaipita juujuu.

Unasema 64 wana majina. Kweli. Lakini tuulize waliingiaje kwenye orodha. Ili kifo kihesabiwe, ilibidi kithibitishwe na taasisi ya uchunguzi wa maiti iliyoko San Juan, mji mkuu, ama maiti ipelekwe huko, ama daktari wa hospitali apige ripoti. Sasa piga picha: barabara za milimani zimefunikwa na udongo, minara ya simu karibu yote iko chini, hospitali zinaendeshwa kwa jenereta. Nani anasafirisha maiti kwenda San Juan? Familia ilizika au ilichoma, ikaendelea kutafuta maji. Na wale wataalamu wa George Washington waligundua kwamba madaktari wengi hawakuwa wamefundishwa namna ya kuandika cheti cha kifo kinachohusu maafa. Kwa hiyo ile ni orodha ya waliofikiwa. Waliokufa ni zaidi yake.

Kituo kimoja cha wanahabari wachunguzi cha hukohuko Puerto Rico, pamoja na CNN, walilazimika kwenda mahakamani ndipo wakapewa kumbukumbu za vifo. Kama orodha ilikuwa safi, kwa nini kuifungia?

Kuhusu makadirio, tazama jambo hili moja. Katika miezi ile watu waliondoka kisiwani kwa wingi, inakadiriwa idadi ya wakazi ilipungua kwa kama asilimia 8. Wakazi wakipungua, vifo navyo vinatarajiwa kupungua. Pale vilipanda. Huhitaji shahada ya takwimu kuona kwamba kuna kitu kiliwaua watu. Na hakikuua ovyo: katika wilaya maskini hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 45 na haikushuka mpaka mwisho wa utafiti. Wanaume wa miaka 65 na kuendelea nao hatari yao haikushuka.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo limeniuma kuliko yote. FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, hugharimia mazishi ya aliyekufa kwa maafa, kwa sharti kwamba karatasi zionyeshe hivyo. Hadi mwishoni mwa Julai 2018 familia 2,431 zilikuwa zimeomba. Zilizokubaliwa ni 75. Ukishasema waliokufa ni 64, familia nyingine zote zinaonekana zinadanganya.

MCHANGIAJI (Orlando, Florida)

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, naishi Orlando, nafanya kazi ya kuwaangalia wazee. Baada ya Maria watu wa Puerto Rico walijaa hapa, na mmoja wao tulipangwa naye zamu za usiku karibu mwaka mzima. Ameniruhusu nisimulie, jina silitaji.

Baba yake alikuwa anatumia mashine ya oksijeni, ile inayochomekwa ukutani. Umeme ulipokatika wakapata jenereta ndogo kwa jirani. Petroli ilikuwa ya kupanga foleni saa sita, saa nane, unapewa kidogo. Wakaamua jenereta iwake usiku tu, mzee apate kulala. Mchana walimkalisha kibarazani, wakawa wanapokezana kumpepea kwa kipande cha boksi. Ameniambia mpaka leo mkono unakumbuka ule mwendo. Aliponionyesha alikuwa anapepea hewa tupu pale jikoni kwetu kazini, saa tisa usiku, na hakuacha mara moja.

Wiki ya sita mzee akafa, mchana, jenereta limezimwa. Cheti kinasema mapafu. Huyu dada haombi chochote kwa mtu. Alichotaka ni neno moja tu kwenye ile karatasi.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Poleni. Mimi nina msimamo wa tatu, na huenda nikawaudhi wote wawili.

Mnabishana kimbunga kiliua 64 au 2,975. Mimi nasema kiliua wachache, na waliobaki waliuawa na watu. Shirika la umeme la Puerto Rico lilikuwa na deni la kama dola bilioni 9 na lilikuwa limeomba kinga ya kufilisika Julai 2017, miezi miwili kabla ya Maria. Nguzo mbovu, matengenezo hakuna. Kimbunga Irma kilipita pembeni tu tarehe 6 Septemba na tayari watu kama milioni moja walikuwa gizani. Maria alikuta nyumba isiyo na misumari.

Harvard waliuliza kaya 3,299. Kwa wastani kaya ilikaa siku 84 bila umeme, 68 bila maji, 41 bila simu, na hizo ni hesabu za kufikia mwisho wa 2017 tu. Theluthi ya vifo walivyosimuliwa vilitokana na matibabu kukatika au kuchelewa. Siku 84 si upepo. Upepo ulikaa siku moja.

Na angalieni historia. Tarehe 8 Agosti 1899 kimbunga San Ciriaco kiliua zaidi ya watu 3,000 kisiwa hichohicho, mwaka mmoja tu tangu Marekani ikichukue kutoka Uhispania. Wengi walikufa maji, mito ilifurika ikawabeba. Mwaka 1928 kikaja San Felipe, kikali kuliko Maria, wakafa kama 312. Yaani watu walikuwa wameshajifunza kujikinga na upepo na maji. Miaka karibu 90 baadaye idadi inarudi kuwa ileile ya 1899, ila safari hii wanafia vitandani. Mkiandika "kimbunga" kwenye cheti mnamwachia huru aliyeiacha ile mitambo ioze.

MCHANGIAJI (Dodoma)

Nimesoma habari ya huyo mzee wa oksijeni mara mbili. Nimekaa nayo.

Nakiri jambo moja: nilikuwa nimeiona orodha ya 64 kama kipimo, na sikuuliza nani alishindwa kuifikia. Hapo mleta mada amenirekebisha. Hata hivyo bado nasimama kwenye majina. Yule dada wa Orlando hatafuti wastani, anatafuta neno kwenye cheti cha baba yake. Hesabu ya 2,975 haimpi hilo. Serikali ilipotangaza idadi mpya kazi ilionekana imekwisha, kumbe ilitakiwa ndipo ianze: mtu apite na vyeti vya miezi ile kimoja kimoja, agonge hodi, aulize ilikuwaje.

Kwa ndugu wa Nairobi: cheti kinaweza kuandikwa figo, kwa kukosa umeme, kufuatia kimbunga. Nafasi ipo. Hapo hujamwachia mtu huru, umemtaja.

MLETA MADA (Tanga)

Hapo tumekutana. Na wananchi wenyewe walishaanza. Tarehe 1 Juni 2018, siku chache baada ya ripoti ya Harvard, watu walifika mbele ya jengo la bunge San Juan wakapanga viatu vya marehemu wao chini, mamia ya jozi. Raba, ndala, buti za kazi, viatu vya watoto, vingine na kikaratasi chenye jina. Wakati huo serikali bado inasema 64.

MCHANGIAJI (Orlando, Florida)

Nimemsomea mwenzangu haya mliyoandika, nikimtafsiria. Ameshukuru. Ameuliza swali, nalileta kama alivyolisema: hesabu ya wataalamu iliishia Februari 2018, lakini umeme haukurudi kwa nyumba za mwisho mpaka Agosti. Shangazi yake alikuwa katika hizo nyumba za mwisho, na alifariki Mei. Yeye yumo kwenye hesabu ya nani?