Wakuu, mtumiaji mwingine kaniwahi poti 443 kwenye seva. Namzuiaje?

Asiyelala:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina seva ya Linux, kerneli (kiini cha mfumo) 4.4, tunaitumia watu sita na kila mmoja ana akaunti yake. Programu yangu inakaa poti 443, mlango wa mtandao wa https. Jana usiku ilidondoka, nilipoiwasha ikagoma: anwani inatumika. Kuchungulia, nikakuta akaunti nyingine imeshakaa pale inasikiliza. Nimeiua, nimerudisha yangu, ila usingizi sina. Nataka poti hii iwe yangu tu. Nimeshaanza skripti ya kukagua kila sekunde 5 na kuua programu ya yeyote asiyehusika. Mnaionaje?

Fundi Kufuli:
Skripti achana nayo, utakuja kujiua mwenyewe. Tumia iptables, ukuta wa moto wa Linux, kuna moduli ya owner, unaruhusu uid (namba ya akaunti) yako tu. Kazi imeisha.

BintiKerneli:
Fundi, usimpoteze mwenzio. owner inaangalia paketi zinazotoka zimetumwa na nani, haimzuii mtu kushika poti. Jamaa atakaa pale kimya na mwenye poti ataendelea kuambiwa inatumika.

Swali langu ni jingine. 443 iko chini ya 1024. Huko huingii bila kuwa ruti (msimamizi mkuu) au kuwa na CAP_NET_BIND_SERVICE, uwezo wa kushika poti hizo. Huyo jirani alipitia wapi?

Asiyelala:
Dada, hata mimi nashangaa. Labda kuna tundu mahali. Tuzungumzie kwanza namna ya kuzuia.

Mzee wa BSD:
Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine si Linux, haya yaliisha zamani. Unapakia moduli ya mac_portacl, unaandika kanuni `uid:1001:tcp:443`, unashusha `net.inet.ip.portrange.reservedhigh` (mpaka wa poti za ruti) iwe 0, basi. Uid 1001 anashika, wengine wa kawaida wanatazama. Mimi nilihama siku niliyochoka kuomba ruti kwa ajili ya poti moja tu, na sijawahi kujuta.

Kandambili:
Mzee, hata mtu akileta uzi ameachwa na mpenzi utamwambia ahamie FreeBSD 😂

BintiKerneli:
Mleta uzi, hujanijibu. Andika `sysctl net.ipv4.ip_unprivileged_port_start` utuletee inachosema; ndiyo namba ambako poti zisizohitaji ruti zinaanzia.

Asiyelala:
Inasema 0.

Haya, niliiweka mimi, msinirukie. Programu ilikuwa inakataliwa ruhusa. Nikatumia setcap, ikakubali, lakini kila nikiweka toleo jipya inagoma tena. Mlitaka niiwashe kwa ruti? Nilichagua lenye nafuu.

Fundi Kufuli:
Kumbe mlango kaung'oa mwenyewe, sisi huku tunamtafutia kitasa.

BintiKerneli:
Setcap inaandika uwezo kwenye faili lenyewe. Ukiweka faili jipya, la zamani limeondoka na uwezo wake. Si hitilafu, ndivyo inavyofanya kazi. Kwa 0 yako umewapa watu wote sita kila poti kuanzia ya kwanza.

Irudishe 1024. Kisha kwenye faili la huduma la systemd, ile inayowasha huduma za Linux, weka `User=` ya akaunti yako na `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE`. Huduma inapewa uwezo kila inapowashwa, ubadilishe faili mara mia usibadilishe.

Zuri zaidi ni kuacha systemd yenyewe ishike poti kwa faili la .socket, halafu iikabidhi programu. Programu ikifa, soketi (kiunganishi kinachoshika poti) inabaki mikononi mwa systemd, wanaounganisha wanasubiri kwenye foleni na jirani hapati upenyo. Na hili linafaa hata juu ya 1024, maana huko ni aliyewahi kawahi.

Asiyelala:
Programu yangu haijui kupokea soketi iliyofunguliwa na mwingine.

BintiKerneli:
Basi tumia AmbientCapabilities, au weka nginx, seva ya wavuti, mbele: inashika 443 ikiwa ruti, wafanyakazi wake wanashuka hadhi. Ila poti ya nyuma, ya nginx kuongea na programu yako, iwe soketi ya faili yenye ruhusa zake, la sivyo umehamisha tatizo tu.

Mama Seva:
Mimi niliwahi kumpa python3 uwezo kwa setcap ili skripti yangu ishike poti 80. Nikajiona mjanja. Baada ya wiki mbili nagundua kila mwenye kuandika mistari mitatu ya Python anashika poti anayotaka, kwa sababu uwezo nilimpa mkalimani, yaani python3 yenyewe, si skripti. Sikumwambia mtu. Leo ndiyo nasema.

Msema Kweli:
Mnachoka bure, hii ni chai. Kasema kerneli 4.4. Hiyo ip_unprivileged_port_start iliingia kwenye 4.11, mwaka 2017. Kaweka 0 kwenye kitu ambacho hakipo? Halafu poti ya TLS (usimbaji wa https) ikamatwe na mtu mwingine, wateja wasione onyo la cheti? Kijana anatunga.

Kandambili:
Chai ya rangi, haina hata sukari.

Asiyelala:
Situngi! 4.4 ni seva ya zamani, niliinakili kwenye daftari langu bila kuangalia. Hii ni 5.15. Nilihifadhi majibu ya `ss -ltne` (orodha ya poti zinazosikilizwa) ya jana, mstari wa 443 una `uid:1004`. Na ni kweli, vivinjari havikulalamika.

Msema Kweli:
Havikulalamika? Basi 1004 ana ufunguo wako wa siri wa cheti. Ni nani?

Mama Seva:
Jibu hapo, mwanangu.

Asiyelala:
Ni kijana ninayefanya naye kazi. Nilimpa nakala ya folda nzima ajaribie, na ufunguo ulikuwa humo. Anasema aliona programu imelala, akawasha yake ili wateja wasikose huduma.

BintiKerneli:
Kumbe skripti yako ya kuua ilikuwa inamlenga yeye. Ufunguo ubadilishe, cheti cha zamani kibatilishwe, 1024 irudi. Leo.

Asiyelala:
Siwezi kumbana hivyo, ndiye anayejua programu ilivyoandikwa. Na nikirudisha 1024 sasa hivi, toleo jipya likigoma usiku mimi ndiye nitakayeamshwa. Nimepanga kufanya yote wikiendi.

Kandambili:
Leo Jumatatu, mkuu.